Mbegu ya Kigoma, ekari 10 za Bilut

Kila bei ya mafuta ya kula inapopanda, hadithi moja hurudi vijiweni. Wamalaysia walikuja Kigoma zamani, wakaomba mbegu za michikichi, wakaenda kuzipanda kwao, na sasa wanatuuzia mafuta ya mti wetu wenyewe. Msimuliaji akifika mwisho hushusha pumzi, wasikilizaji hutikisa vichwa, na hakosekani wa kusema "sisi bwana!" Ni hadithi inayotuchoma na kutusifu kwa mpigo mmoja, ndiyo maana haichuji.

Ina chembe ya ukweli ndani yake, nitaifikia. Shida ni kwamba inatufanya tukodolee macho mbegu. Mbegu ya mchikichi inabebeka mfukoni. Kijiji hakibebeki, na Malaysia ilianzisha skimu 317 za michikichi na mpira chini ya mamlaka moja, zikachukua zaidi ya familia 112,000. Basi tuiache Kigoma kidogo, twende kwenye skimu ya mwanzo kabisa, mahali ambapo hata mkazi wa Kuala Lumpur anaweza kuzeeka bila kupafika: Lurah Bilut, wilaya ya Bentong, jimbo la Pahang.

Lurah ni bonde, Bilut ni mto. Bonde la Bilut, basi. Liko kati ya Bentong na Raub, mashariki ya milima ya Titiwangsa inayopita katikati ya rasi kama uti wa mgongo. Minara mirefu ya mji mkuu iko ng'ambo ya pili ya milima hiyo.

Vijiji vya aina nne

Watu wengi hupotea hapa mwanzoni, kwa hiyo tuyapange maneno. Mtu akikwambia "kijiji cha Malaysia" anaweza kuwa anazungumzia mojawapo ya vitu vinne visivyofanana.

Cha kwanza ni kampung, kijiji cha asili. Kimekua chenyewe kando ya mto au pwani, kina minazi, mpunga, miti ya matunda, na nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Ardhi ni ya kurithi. Hiki hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Pangani au Lamu.

Cha pili ni ladang, shamba kubwa la kampuni. Waingereza walipopanda mpira walileta vibarua kutoka kusini mwa India, wengi wao Watamil, wakawaweka kwenye safu za vyumba ndani ya shamba. Msomaji wa Tanga ameshaelewa: ni manamba wa mkonge, ila hapa wanagema mpira. Nyumba ni ya mwajiri. Shamba likiuzwa, na makazi yamekwisha.

Cha tatu ni Kampung Baru, yaani Kijiji Kipya, na upya wake ni wa senyenge. Kuanzia 1950, katika vita na wapiganaji wa kikomunisti, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wapatao nusu milioni, wengi wao Wachina waliolima pembezoni mwa msitu, ikawafungia kwenye vijiji vyenye ulinzi ili chakula na habari zisiwafikie waliokuwa porini. Wakenya wa Mlima Kenya wanajua mbinu hiyo kwa ngozi zao: miaka michache baadaye ilitumika dhidi ya Mau Mau, na waliopanga walikuwa wanaifuata Malaya, kama nchi hiyo ilivyoitwa enzi hizo, kuwa mfano.

Cha nne ndicho chetu. Kwa Kimalay huitwa tanah rancangan, ardhi ya mpango. Sisi tuna neno zuri tayari: skimu. Wenyewe mara nyingi husema tu "Felda", kwa jina la mamlaka ya serikali ya kuendeleza ardhi iliyoundwa tarehe 1 Julai 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mkazi wake huitwa peneroka, mtu wa kufungua mahali papya. Ningeweza kuandika "mlowezi", lakini neno hilo kwetu bado linanuka Nyanda za Juu za Kenya, na hawa walikuwa maskini wa nchi hiyohiyo. Tubaki na peneroka.

Mkataba wa ekari 10

Felda ilipoanza haikukusudiwa kumiliki wala kuendesha kijiji chochote. Kwa katiba ya Malaysia ardhi ni mali ya jimbo, kwa hiyo mamlaka ya shirikisho ilitakiwa kutoa fedha tu na majimbo yafanye kazi. Bilut, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndipo ilipoanza kuingia yenyewe msituni. Mtu aliyesukuma jambo hilo alikuwa Tun Abdul Razak, mzaliwa wa Pekan huko huko Pahang, naibu waziri mkuu wa wakati huo na baadaye waziri mkuu. Vita vya porini vilikuwa havijatangazwa kwisha, na Pahang ilikuwa na misitu mingi na watu wachache. Kumpa mtu asiye na kitu kipande cha ardhi lilikuwa tendo la huruma na la usalama kwa pamoja. Asiyetaja moja kati ya hayo mawili anasimulia nusu.

Waliofika Bilut walitoka majimbo tofauti, na jambo la kuangaliwa ni kwamba walikuwa Wamalay, Wachina na Wahindi pamoja. Skimu zilizofuata zilijaa Wamalay karibu watupu, kwa hiyo kijiji cha kwanza kimebaki kuwa kitu cha pekee katika familia yake.

Uchaguzi haukuwa wa kuokota. Mwombaji alihojiwa, akapewa alama. Aliyetakiwa alikuwa mwanamume mwenye mke, mwenye nguvu za kushika panga, asiye na ardhi au mwenye kipande kisichomtosha. Kapera hakuwa na nafasi. Mke alihesabiwa kama jozi ya mikono, ingawa jina lake halikuandikwa popote. Hilo lilikuja kuleta machozi, tutaliona.

Ukichaguliwa unapata nini? Kipimo kilichokuja kuwa cha kawaida ni ekari 10 za shamba na robo ekari ya kiwanja chenye nyumba ya mbao juu ya nguzo, sawasawa na ya jirani, na ya jirani yake, hadi mwisho wa barabara. Nyuma ya nyumba kuku na mboga. Katikati ya kijiji ofisi ya meneja, msikiti, shule, zahanati, duka.

Hapa ndipo uongo wa kwanza unapozaliwa: kwamba serikali iligawa mashamba bure. Haikugawa. Elewa hivi: ni bodaboda ya mkataba. Kijana wa Mbagala anapewa pikipiki, anaiendesha kila siku, anapeleka hesabu kwa tajiri, na siku hesabu inapotimia kadi inabadilishwa jina. Kabla ya hapo anaiita "pikipiki yangu", lakini sote tunajua ni ya nani. Peneroka naye alikatwa kwenye mavuno kwa muda uliopangwa kuwa miaka 15 hivi, kulipia kufyeka msitu, miche, mbolea, nyumba, na posho aliyokula akisubiri mti ukomae. Deni likiisha, hatimiliki. Na kama kwenye bodaboda, mwenye mkataba ndiye aliyepanga kila kitu: upande nini, lini, na umuuzie nani. Meneja wa skimu hakuwa mtu wa kubishiwa.

Tofauti na vijiji vya ujamaa iko wazi ukishaona hivyo. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 Mtanzania alihamishwa, mara nyingine kwa lori na kwa lazima. Peneroka aliomba, akasubiri, akafurahi kuitwa. Kazi zilifanywa kwa makundi ya kaya kama ishirini hivi kwa kila bloku, jambo linalofanana na shamba la ujamaa kwa macho, lakini mwisho wa safari uliahidiwa kuwa hati yenye jina la mtu mmoja.

Kwa nini kinu ndicho mfalme

Bilut walianza na mpira. Watu husahau hilo. Mchikichi uliingia kwenye mpango 1961, katika skimu ya Taib Andak karibu na Kulai, Johor, kwa sababu mpira wa kiwandani ulikuwa unaubana ule wa kugema na serikali iliogopa kutegemea zao moja. Mchikichi ulikuwa na sifa nyingine ya kumfurahisha mtu mwenye deni: huanza kuzaa baada ya miaka kama 3, wakati mpira hukuweka ukisubiri 5 hadi 7.

Sasa tulia kidogo kwenye mkungu wa chikichi, kwa sababu humo ndimo siri yote. Mkungu uliokomaa hauiti kwa rangi peke yake. Unaita kutoka ardhini: chikichi chache hulegea na kudondoka chini ya mti. Mvunaji hutembea akiangalia chini kabla ya kuangalia juu. Akiona chikichi kwenye majani makavu, anajua. Kwa mti mfupi anatumia patasi pana yenye mpini mrefu, anasukuma, mkungu unaanguka. Kwa mti mrefu anainua mundu uliofungwa kwenye bomba la alumini, anatafuta shina la mkungu kwa ncha, halafu anavuta kwa uzito wa mwili mzima na kuruka pembeni, kwa sababu kinachoshuka kina kilo 10, 20, hata zaidi, na kimejaa miiba. Chikichi zilizotawanyika huokotwa moja moja, mtu akiwa ameinama. Kazi hiyo ya kuinama, kwenye mashamba ya peneroka, kwa kawaida ilikuwa ya mke na watoto. Zina mafuta kuliko zile zilizobaki kwenye mkungu, kwa hiyo kuziacha ni kuacha fedha.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Chikichi iliyopondeka huanza kuchacha, na mafuta yake hupoteza daraja. Lengo ni kufika kinuni, yaani kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta, ndani ya saa 24. Mkulima wa chai wa Murang'a ataelewa haraka kuliko wote: jani likichumwa asubuhi, gari lisipokuja jioni, umechuma takataka. Mwenye ekari 10 peke yake porini hawezi kujenga kinu, na mwenye kinu hawezi kukilisha kwa ekari 10. Kinu kinahitaji maelfu ya ekari zinazovunwa kwa zamu, barabara zisizokatika mvua ikinyesha, na lori linalojua lipite wapi siku gani. Katika kilo 100 za mikungu mafuta ghafi ni kama kilo 20 tu. Kinachosafirishwa zaidi ni maji na makapi. Kinu cha mbali kinakula faida yote.

Skimu ni jibu la hesabu hiyo. Ndiyo maana ukanda wa Jengka, Pahang hiyohiyo, ulipofunguliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1968, vijiji havikuhangaika hata kutafuta majina: Jengka 1, Jengka 2, hadi Jengka 25. Mtu anazaliwa Jengka 8 na kuoa Jengka 17. Ramani ilichorwa kuanzia kinu kwenda nje.

Na ile mbegu?

Turudi kijiweni. Michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki ilianza na miche minne iliyopandwa 1848 katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwa cha Java. Chimbuko lao ni Afrika, ndiyo, lakini upande wa magharibi, kwa kupitia Amsterdam na visiwa vya Bahari ya Hindi. Uzao wao ulivuka kwenda Sumatra, kisha rasi ya Malaya, ambako shamba la kwanza la biashara lilipandwa 1917 huko Tennamaram, Selangor, na Mfaransa Henri Fauconnier. Tanganyika ilikuwa bado katikati ya vita vya Wajerumani na Waingereza.

Katikati ya miaka ya 1960 Malaysia ilikuwa imeshaipita Nigeria kwa kuuza mafuta ya mawese nje. Watafiti wake walikuja kukusanya vinasaba vya michikichi ya Tanzania 1986. Walikuja kweli! Hiyo ndiyo chembe ya ukweli. Walikuja vilevile Nigeria, Kamerun, Zaire, Angola na kwingine, kutafuta damu mpya kwa sababu miti yao ilikuwa ya ukoo mmoja mno. Kwa hiyo waliofika Kigoma walikuwa tayari matajiri wa mawese. Hadithi ya kijiweni imegeuza kichwa kuwa mkia.

Ukitaka kudai jasho la Afrika kwa haki, anzia Yangambi, kwenye Mto Kongo, si mbali na Kisangani. Huko watafiti wa enzi ya Wabelgiji walieleza 1941 jinsi mchikichi wa kokwa lenye gamba nene ukichanganywa na usio na gamba unavyozaa mti wa gamba jembamba na nyama nyingi, uitwao tenera. Ndiyo mbegu inayohimizwa Kigoma leo, tangu kampeni aliyoianzisha Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, 2018. Halafu dai na mdudu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Malaysia ililipa watu kuchavusha maua ya michikichi kwa mkono, ua kwa ua, kwa sababu mti ulisafiri na mdudu wake akabaki nyumbani. Mtafiti Rahman Syed alimfuata Kamerun, fukusi mdogo mweusi, akaachiwa mashambani 1981. Kazi ya maelfu ya vibarua ikaisha, na mdudu hadai mshahara.

Kuna msemo mwingine unaokwenda sambamba na huu, kwamba wakati wa uhuru sisi na Malaysia tulikuwa sawa. Sawa kwa kuwa chini ya Mwingereza, labda. Malaya ya 1957 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa kuuza mpira asilia na bati. Skimu za Felda zilijengwa na nchi iliyokuwa na kitu cha kukopea.

Jina moja kwenye hati

Mpaka hapa inasikika kama hadithi ya ushindi, na kwa sehemu kubwa ni hivyo. Watoto wa peneroka walisoma. Ukizunguka ofisi na hospitali za Malaysia utakutana na walimu, wahandisi, wauguzi waliokulia kwenye robo ekari. Lakini mkataba wa bodaboda una kurasa za nyuma.

Sheria ya 1960 inayosimamia ardhi hizi hairuhusu ekari 10 zikatwe vipande. Sababu yake ni ileile ya kinu: vipande vidogo haviendesheki. Sasa weka sheria hiyo juu ya familia ya Kiislamu yenye watoto saba. Mirathi inampa kila mrithi fungu lake, na peneroka na kadhi wake wanalijua hilo kama tunavyolijua Unguja. Hati haina nafasi ya majina saba. Mwisho ni majina mawili. Kwa hiyo kwa kawaida mrithi mmoja huandikwa, akabeba dhamana ya kuwagawia nduguze fedha za mavuno. Ambapo ndugu wanaelewana, mambo huenda. Ambapo hawaelewani, faili hulala miaka na jina la marehemu bado liko juu yake.

Na wake? Kwa miongo minne mwanamke aliyefyeka, akapalilia na kuokota chikichi mgongo ukiwa umepinda, akiachwa, hakuwa na karatasi ya kumtetea. Marekebisho ya 2002 ndiyo yaliyofungua mlango wa mke kuandikwa kuwa mmiliki mwenza. Nadhani hili ndilo doa kubwa kuliko yote katika mpango mzima, kwa sababu mpango ulimchagua mume kwa sharti la kuwa na mke.

Kisha deni likarudi. Mchikichi ukifika miaka 25 hivi unakuwa mrefu mno kwa mundu, unakatwa na kupandwa upya. Miaka 3 bila mavuno, mzee wa miaka 60 anakopa tena, kula na kupanda. Juni 2012 kampuni iliyotokana na Felda iliuza hisa sokoni kwa ringgit (fedha ya Malaysia) 4.55 kila moja, mauzo ya pili kwa ukubwa duniani mwaka huo hadi wakati ule, baada ya yale ya Facebook, na kila familia ikaahidiwa bahasha ya ringgit 15,000. Wapo waliokopa wanunue hisa. Bei ikaporomoka. Mwaka 2019 serikali ilipeleka bungeni waraka kueleza kilichoharibika, na 2021 ikatangaza kufuta ringgit bilioni 8.3 za madeni ya peneroka.

Felda iliacha kupokea peneroka wapya 1990. Waliofungua Bilut wamekwisha wengi, waliobaki ni wazee sana. Anayeinua mundu leo kwenye mashamba ya michikichi ya nchi hiyo mara nyingi ni Mwindonesia au Mbangladeshi, kibarua wa mkataba asiye na ekari wala robo ekari, na ukimtazama vizuri utamwona tena yule manamba wa ladang tuliyemwacha kule mwanzoni.

Idi inapokaribia, Malaysia nzima hufanya kinachoitwa balik kampung, kurudi kijijini. Barabara za kuvuka Titiwangsa hujaa. Watoto na wajukuu wa Bilut nao hurudi, na wanaita mahali hapo kampung, neno la kijiji cha asili, ingawa hakuna babu yao aliyezikwa pale kabla ya miaka ya 1950. Magari hupangwa kwenye kile kiwanja cha robo ekari mpaka yanatokeza barabarani. Nyumba ya mbao imeongezwa sebule ya tofali mbele na vyumba nyuma, pengine na nyumba ya pili ya kijana aliyeoa na kukosa pa kujenga. Baada ya swala na ketupat, wali unaopikwa ndani ya majani yaliyosukwa, watu wazima wakibaki wenyewe, ndipo huulizwa nani sasa atakayeandikwa.